Jieleze: kisa cha wakili aliyeanzia Njombe

Saa ya ukutani ilikuwa nyuma ya kichwa chake, kwa hiyo yeye hakuiona. Sisi watatu tuliiona. Msailiwa wetu alianza kujieleza saa 4 na dakika 12 asubuhi. Alipofika kidato cha sita, mchepuo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza), ilikuwa saa 4 na dakika 14, na mwenyekiti wa jopo alikuwa ameshafunua ukurasa wa pili wa wasifu wake akitafuta cha kumuuliza.

Nitamwita Msomi, maana ndivyo mawakili tunavyoitana, na amenipa ruhusa kukieleza kisa chake mradi jina lisiwemo. Ilikuwa ofisi ya mawakili iliyoko Upanga, Dar es Salaam, iliyohitaji wakili wa mashauri ya ajira. Mimi si wa ofisi ile. Niliitwa kukaa kwenye jopo kama mtu wa nje anayezijua kesi za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo kila mtu mjini anaiita CMA. Wasailiwa walikuwa 6, yeye akiwa wa tatu. Nafasi hakuipata. Alipata nyingine kwingine miezi miwili baadaye, na kati ya usaili ule na huu tulikaa naye mara mbili kwa ajili ya jambo moja tu, zile dakika zake za kwanza.

Aliingia na "Shikamooni". Mwenyekiti, mzee aliyevaa joho la uwakili kabla Msomi hajazaliwa, akaitikia marahaba kwa raha zake. Afisa rasilimali watu, dada wa rika moja na Msomi, akajifanya anapanga karatasi. Najua wapo ambao wangemkata alama hapo. Mimi simkati. Aliyemwamkia mzee hajakosea popote nchi hii, na ile aibu ya yule dada haikudumu hata sekunde tatu.

Mwenyekiti akamkaribisha kiti, akamwambia ajieleze kwa kifupi. Swali na majibu vilikuwa kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya ofisi nyingi za mawakili mjini. Naviandika hapa kwa Kiswahili kutoka kwenye daftari langu, na nimepunguza:

"Asante, Mheshimiwa Mwenyekiti. Naitwa Fulani. Nilizaliwa Njombe, katika familia ya watoto watano, mimi nikiwa wa tatu. Elimu ya msingi niliipata hukohuko Njombe, nikachaguliwa kujiunga na sekondari mkoani Iringa, kisha kidato cha tano na cha sita mchepuo wa HGL. Nilijiunga na Chuo Kikuu Mzumbe, nikatunukiwa shahada ya kwanza ya sheria. Baada ya hapo nilipitia mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, na sasa ni wakili. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninajituma, ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa sana, na ninapenda kushirikiana na wenzangu. Nikiwa na nafasi napenda kusoma na kusikiliza nyimbo za injili."

Dakika 4, pungufu kidogo.

Hakuna neno la uongo humo. Tatizo ni kwamba tangu Njombe hadi Mzumbe kila kitu kilikuwa kwenye karatasi tulizoshika mkononi. Wakili anajua jaji hufanya uso gani unapomsomea hati ya madai neno kwa neno ilhali ameshaisoma jana usiku. Mwenyekiti wetu alifanya uso huohuo.

Kuhusu zile sifa za mwishoni: siku ile tulisaili wachapakazi 6 na waaminifu 6. Hakujitokeza mvivu hata mmoja. Mtu anayeishi kwa kudai vielelezo, anayesimama kupinga mara tu shahidi wa upande wa pili anapotoa maoni badala ya kueleza alichokiona, akiingia kwenye usaili anajitolea maoni matano mfululizo kuhusu nafsi yake bila kielelezo P1, yaani hata kile cha kwanza. Nimekaa kwenye majopo ya kutosha, na nadiriki kusema mawakili tuna udhaifu huu kuliko wahasibu. Mhasibu angalau atataja mizania aliyoifunga.

Kinachoniuma katika kisa hiki ni kwamba Msomi alikuwa na ushahidi. Tena mzuri. Tuliupata dakika ya 25, na ukaja umeharibika.

Kuuelewa inabidi kurudi nyuma kidogo. Wengi mnakumbuka Oktoba 2022, matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo yalipozua gumzo nchi nzima: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Ikaundwa mpaka kamati ya kuchunguza. Msomi alikuwa mmoja wa wale 342. Alirudia, akafaulu, akaapishwa. Lakini katika kile kipindi cha kungoja hakukaa nyumbani. Alikwenda kufanya kazi kwenye ofisi ndogo ya wakili Morogoro, na hapo akajua jambo ambalo hata mawakili wengine hawalitilii maanani: mbele ya CMA si lazima uwe wakili ndipo usimame. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamruhusu mtu kuwakilishwa na wakili, na chama chake cha wafanyakazi au cha waajiri, au na mwakilishi binafsi aliyemchagua mwenyewe. Basi Msomi akawa mwakilishi binafsi. Siku anaapishwa, wenzake wakipiga picha na majoho mapya, yeye alikuwa ameshakaa kwenye meza za usuluhishi mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu.

Hayo yote, katika dakika zake 4, yalikuwa neno moja: "nilipitia". Alilisema kwa haraka, macho chini, kwa sababu aliona aibu ya ule mtihani wa kurudia. Na sisi, kwa kuwa tarehe za wasifu hazikuungana, tukaona pengo la kama miaka miwili. Mwenyekiti akaliwekea alama ya kuuliza kwa penseli.

Dakika ya 25, tulipoishiwa maswali ya nadharia, nikamuuliza kama amewahi kusimama CMA. Uso ukabadilika. Akasogea mbele ya kiti. Akaeleza jinsi madereva wa mteja wake walivyoachishwa kazi, wakapeleka CMA F.1, fomu ya kufungulia mgogoro. Wengine wote waliangalia sababu za kuachishwa. Yeye akaangalia tarehe. Akahesabu siku kwa kidole juu ya kalenda ya ukutani: 34. Anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake, na akichelewa lazima aombe kwanza kuongezewa muda. Wao hawakuomba. Akaweka pingamizi la awali, yaani hoja kwamba shauri lisisikilizwe kabisa, na likaondolewa. Mteja akafurahi, akaagiza soda. Msomi akamwambia asifurahi bado, maana wale watu watarudi na ombi la kuongezewa muda, na wakiwa na sababu nzuri watakubaliwa. Akamshauri akae nao nje, awalipe notisi na likizo zao, yaishe. Yakaisha.

Ni kisa kizuri. Kina kuona kile wengine hawakuona, kina kushinda, na kina kujua kwamba kushinda hakujamaliza mgogoro wa mteja. Hilo la mwisho ndilo gumu kumfundisha wakili kijana. Mimi binafsi lilinichukua miaka.

Ila alipokuwa anakieleza, kwa ule mchecheto wa mtu aliyeona basi linaondoka, akalitaja jina la kampuni ya mteja. Kisha akamtaja na mwenye kampuni, na kiasi alicholipa.

Mwenyekiti akaweka kalamu chini taratibu.

Tulipobaki wenyewe nilimtetea. Nikasema huyu anaijua CMA kuliko wote 6. Mwenyekiti akasema sentensi mbili. Ya kwanza: "Kesho atatutaja na sisi kwenye usaili mwingine." Siri ya mteja haiishi shauri likiisha, na kwa wakili si suala la adabu tu; Kanuni za Maadili ya Mawakili za 2018 zinaidai. Nilijibu kwamba alipitiwa kwa hofu. Ya pili ndiyo sikuwa na jibu lake: "Kama anayajua haya yote, mbona hakutuambia mwanzo?"

Watu wengi wakisikia kisa hiki husema Msomi aliangushwa na kuropoka. Mimi nasema aliropoka kwa sababu ya Njombe. Kisa kilichopaswa kuwa mlangoni, kimepimwa, kimevuliwa majina, kimepunguzwa hadi sentensi nne, kililazimika kupenya dirishani dakika ya 25 kikiwa na kila kitu juu yake. Mtu asiyejua lini atapewa nafasi tena husema yote kwa mpigo. Tunaona hivyohivyo kwa shahidi ambaye wakili wake hakumwongoza vizuri tangu awali. Akifika kwenye maswali ya dodoso ya wakili wa upande wa pili anajimwaga.

Wiki moja baadaye akanipigia. "Shikamoo, Wakili. Samahani kwa usumbufu. Nilikosea wapi?" Katika wale 5 waliokosa ni yeye peke yake aliyeuliza. Nikamwambia anikute mahakama ya Kisutu, nina shauri asubuhi, tutakunywa chai.

Alikuja na daftari. Sikumruhusu alifungue. Nilimuuliza: leo asubuhi, kabla hujafika hapa, umejitambulisha kwa jaji au hakimu yeyote? Akasema ndiyo, alikuwa Kinondoni. Ulisemaje? Akacheka, akasema kama kawaida: "Mheshimiwa, ikikupendeza, naitwa Fulani, wakili, namwakilisha mjibu maombi. Shauri limekuja kwa ajili ya kusikilizwa na sisi tuko tayari."

Ilimchukua sekunde 10. Mle ndani mna mimi ni nani, nasimama kwa ajili ya nani, na niko tayari kwa lipi. Hamna Njombe. Kila siku ya Mungu mawakili wa nchi hii wanajitambulisha vizuri kabisa wakati hakimu anaandika akidi, yaani nani amefika na anamwakilisha nani, kisha wakivuka barabara kwenda kwenye usaili wanarudi kuwa wanafunzi wa darasa la sita wanaosoma insha ya "Mimi Mwenyewe".

Nikamwambia: haya, jitambulishe kwenye usaili kwa akidi. Akaweka kikombe chini. "Naitwa Fulani. Ni wakili. Namwakilisha..." Akanyamaza. "Namwakilisha nani sasa? Najiwakilisha mwenyewe."

Tukacheka wote wawili, lakini hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kama unajiwakilisha mwenyewe, utaeleza maisha yako. Nani ulikuwa unasimama kwa ajili yake miaka hii? Akafikiri. Waajiri wadogo, akasema. Wenye malori matatu, wenye shule binafsi, wenye hoteli ya vyumba 20. Watu wasio na afisa rasilimali watu, wanaoandika barua ya kumwachisha mtu kazi usiku wakiwa na hasira. Nilipenda ile ya usiku na hasira. Aliiandika nyuma ya karatasi ya orodha ya mashauri ya siku ile.

Na uko tayari kwa lipi? Hapa alisema mambo ya kujifunza na kukua kitaaluma. Nikakataa. Jaji hakuambii shauri limekuja ili wakili akue. Wanaotangaza kazi wana shauri lao mezani, na kila tangazo ukilisoma kwa utulivu linakuambia shauri lenyewe ni lipi. La Upanga lilisema wazi wanataka mtu wa kusimama Tume bila kusimamiwa. Yeye alilisoma kutafuta sifa za mwombaji, akaziona anazo, akaridhika.

Kisa cha siku 34 tukakivua nguo. Jina la kampuni likatoka, na la mwenyewe, na mji, na kiasi. Nikamtahadharisha kwamba kwenye mji mdogo hata kusema "kampuni moja ya mabasi" ni sawa na kutaja jina, kwa hiyo ikawa "mwajiri mmoja". (Hata hapa, ile biashara ya yule mteja nimeibadilisha, wala hawakuwa madereva.) Zile 34 na 30 tulizibakiza. Hizo hazimtambulishi mteja, zinamtambulisha aliyehesabu.

Kuhusu mtihani wa kurudia tulibishana. Yeye alitaka kuanza nao, autoe kifuani. Maoni yangu ni kwamba dakika ya kwanza si ya kuungama. Lakini pia si ya kuficha, maana tarehe zitasema. Kilichopatikana ni maneno machache katikati ya sentensi, "nikiwa nasubiri kumaliza mitihani ya uanasheria kwa vitendo", na yakisemwa macho juu. Anayetaka kuuliza aulize. Akiuliza, jibu linakuwa kweli na fupi: nilirudia masomo mawili, nikafaulu, na katika kusubiri huko ndiko nilikojifunza CMA.

Mara ya pili tulikutana jioni, akiwa na saa ya simu. Mara ya kwanza dakika 2 na sekunde 10. Tukakata. Akaniuliza kuhusu lugha, na ni swali la maana. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, na mbele ya Tume ndicho kinachotawala tangu zamani, lakini hujui jopo litakuuliza kwa lugha gani. Mtu aliyejiandaa kwa Kiingereza tu, akiulizwa kwa Kiswahili anaanza kutafsiri kichwani, na maneno yanatoka yamevaa suti ya kuazima. Akaandaa zote mbili, kila moja peke yake.

Kwenye usaili wa serikali, ule wa Sekretarieti ya Ajira, mambo ni mengine kidogo: umeshapita mchujo wa maandishi, vyeti vyako halisi vinakaguliwa, kwa hiyo kusimulia shule ulizosoma ni kupoteza muda maradufu. Hilo kwa leo naliacha.

Nafasi iliyokuja ilikuwa ya afisa sheria kwenye kampuni inayonunua na kufungasha parachichi. Makao yake Dar es Salaam. Mashamba na sehemu ya kufungashia, Njombe. Msomi alinitumia tangazo na alama za kucheka. Basi Njombe yake, ile niliyomwambia aitupe, ikarudi, na safari hii ilikuwa na kazi ya kufanya. Nilisema iwekwe mwisho, yeye akataka iwe mwanzo. Zikaisha chai mbili. Nikashinda, na nitaeleza kwa nini sina uhakika kama nilistahili. Toleo la mwisho, sekunde 70, lilikuwa hivi:

"Naitwa Fulani, ni wakili. Kwa miaka minne nimesimama kwa ajili ya waajiri wadogo kwenye migogoro ya kazi, miwili ya mwanzo kama mwakilishi binafsi mbele ya CMA nikiwa nasubiri kumaliza mitihani ya uanasheria kwa vitendo, na miwili kama wakili. Wengi wao waliniletea barua ya kumwachisha mtu kazi ikiwa imeshaandikwa usiku, kwa hasira. Mwaka jana mwajiri mmoja alishitakiwa na wafanyakazi wake. Nikahesabu siku nikakuta 34 mahali ambapo sheria inatoa 30, shauri likaondolewa, kisha nikamshauri akae nao awalipe wanachostahili ili lisirudi. Tangazo lenu linasema mna wafanyakazi wengi wa msimu na mnataka mtu wa kuzuia migogoro kabla haijafika Tume. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuifanya sasa, upande wa kabla ya barua. Na Njombe ni nyumbani. Najua msimu ukiisha watu wanaondoka na maneno gani mdomoni."

Ile sentensi ya mwisho ni yake, sikuigusa.

Kilichotokea alinisimulia usiku ule kwa simu. Jopo lilikuwa la watu wanne, na swali lilikuja kwa Kiswahili. Akaanza. Alipofika kwenye siku 34, meneja wa uzalishaji, ambaye mpaka hapo alikuwa anaangalia simu yake, akainua mkono. Hakungoja amalize. Akasema msimu uliopita walimwachisha kazi msimamizi wa upakiaji, jamaa akatishia kwenda Tume, wakampuuza, na juzi wamesikia kweli amekwenda. Je, bado ana haki hiyo au siku zimempita?

Wenzake wakamgeukia Msomi. Sentensi ya tangazo hakuifikia, wala ile ya Njombe tuliyoibishania.

"Inategemea," akamjibu. "Barua alikabidhiwa lini?"